Je, Wajua? Simu Chini, Macho kwa Wapendwa

Safari hii nimekukusanyia mambo ya ajabu kuhusu simu zetu na watu wetu. Mengine yametoka vijijini jirani na Kampala, mengine Toro, Rwanda, Vancouver na Texas, na karibu yote yanazungumzia kitu kimoja: thamani ya macho yako kwa mtu anayekupenda. Ukikuta la kukufurahisha, msimulie aliye karibu nawe.

Elimu ya upendo wa mama na mtoto ilichipuka jirani na Kampala

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwasili Kampala na kuanza kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, pale Makerere. Hakufungua maabara. Alifuatana na mkalimani hadi vijijini, akatembelea familia 26, nyingi zikiwa za Waganda, akikaa nao sebuleni kwa saa mbili hivi kila baada ya wiki mbili, akitazama watoto wanavyonyonyeshwa, wanavyobebwa na wanavyobembelezwa. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kilitoka mwaka 1967, na leo mwanafunzi wa saikolojia, awe Nairobi au Toronto, hukutana na jina la Ainsworth mapema kabisa masomoni. Kampala ina haki ya kujivunia: ni hapa dunia ilipojifunza kwamba upendo unaweza kuonekana kwa macho, mradi mtu atulie na kutazama.

Mama aliyejua mambo madogo ndiye aliyekuwa na mtoto mwenye utulivu

Ainsworth alipopanga kumbukumbu zake aliona jambo la kushangaza. Akina mama waliokuwa hodari wa kusimulia habari za watoto wao kinaganaga ndio waliokuwa na watoto wenye utulivu zaidi, watoto wanaotambaa kwenda kuchunguza chumba, kisha wanarudi kwa mama bila wasiwasi. Mama huyo hakusema tu kwamba mtoto hajambo. Alijua mtoto anakataa chakula kipi, anamwogopa nani, na analia vipi akiwa na usingizi. Habari za namna hiyo huokotwa mojamoja katika zile dakika ambazo leo tunazitoa kwa simu bila hata kuhesabu.

Mtoto mchanga hugundua uso usiojibu ndani ya dakika chache

Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao kama kawaida, kisha waukaushe uso: wasitabasamu, wasiseme neno. Watoto hawakungoja. Walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele kumwita mama arudi, na walipoona hajibu wakageuza uso na kunyong'onyea. Mzazi aliyezama kwenye simu huwa na uso kama huo huo: yupo, mtoto anamwona, lakini hajibu. Habari njema ni kwamba mama akirejea kucheza, mtoto naye hurejea.

Simu ya nusu dakika inaweza kumnyima mtoto neno zima

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la akina mama 38 na watoto wao wa miaka miwili. Kila mama alimfundisha mwanawe maneno mawili mapya, moja baada ya jingine. Kwa neno moja somo lilikwenda bila kukatizwa, na kwa jingine simu iliita katikati, mama akapokea, kisha akaendelea. Watoto walilishika neno lisilokatizwa, lile la simu likawapita, ingawa mama alilitamka mara zilezile. Idadi ya maneno haikumsaidia mtoto pale uzi wa mazungumzo ulipokatika.

Mtoto huyohuyo anaweza kujifunza neno kutoka kwa mtu aliye Muscat

Simu si adui. Mwaka 2014 utafiti mwingine wa Marekani ulionyesha kwamba watoto wa miaka miwili hivi walijifunza maneno mapya kwa simu ya video sawasawa na ana kwa ana, lakini hawakuyapata walipoonyeshwa video iliyorekodiwa. Tofauti ilikuwa moja: kwenye simu ya video, mtu wa upande wa pili alimjibu mtoto palepale. Familia ngapi za Kampala zina mama au shangazi aliyekwenda kyeyo, yaani kazi za ughaibuni, Dubai, Muscat au Riyadh? Kwa familia hizo simu ya jioni ni ziara kamili, na inastahili kukaliwa kitako, wala si kupigwa huku mtu anapepeta mchele na kutazama televisheni.

Chini ya miaka miwili, kioo hakina saa yake

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiketishwe mbele ya televisheni wala kupewa michezo ya simu kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mtoto akiwa ametulia, shirika hilo linapendekeza asomewe au asimuliwe hadithi. Bibi wa kijijini angesema hilo halihitaji kikao cha Geneva, na kwa mara nyingine bibi na wataalamu wako upande mmoja.

Magharibi mwa Uganda, mashangazi humtazama mtoto usoni kabla hajapewa jina

Watoro na Wanyoro, pamoja na jirani zao Watuku, Watagwenda na Wanyabindi, wana desturi ya Empaako: juu ya majina yake mengine, kila mtu hupewa moja kati ya majina 12 ya heshima na mapenzi, kama Abwooli, Akiiki, Amooti au Ateenyi. Siku ya sherehe mashangazi wa upande wa baba humpokea mtoto na kumchunguza sura, wakitafuta amefanana na nani katika ukoo, na jina hutokana na mfanano huo. Mkuu wa ukoo akishalitangaza, watu hula ugali wa ulezi na nyama ya kukaushwa kwa moshi, kisha mti hupandwa kwa heshima ya mtoto. Jina humngoja mtu anayejua kutazama.

Desturi hiyo imo katika orodha ya UNESCO

Mwaka 2013 UNESCO iliiingiza Empaako katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Majina hayo 12 ndiyo salamu yenyewe: ukikutana na Mtoro kwenye ngazi za jengo la Kampala, unauliza Empaako yake ndipo mazungumzo yanafunguka. Moja, Okaali, limetengwa kwa ajili ya Mfalme. Ili kumwamkia mtu namna hii sharti usimame, umwangalie na ukumbuke yeye ni Amooti au ni Araali. Hakuna namna ya kuifanya kazi hiyo huku kidole kinateleza juu ya kioo.

Omweso una mashimo 32, kete 64 na wachezaji wawili wasiokimbiana

Ubao wa omweso una safu nne za mashimo manane, na kila mchezaji huanza na kete 32. Mtu wa Zanzibar au Lamu akiuona ataruka kwa furaha, kwani ni vipimo vilevile vya bao la kete la Waswahili. Zamani mchezo huu ulipendwa sana katika ikulu ya Buganda, na hadi leo utaukuta chini ya miti na kwenye vibaraza, watazamaji wakiwa wamesimama nyuma ya wachezaji na kila mmoja akijua kete ilipaswa kwenda wapi. Mikono yote ina kazi, macho yote yako ubaoni, na mpinzani wako yuko umbali wa kumgusa. Ukitafuta cha kuweka mezani badala ya simu, hiki hapa, na hakihitaji chaji.

Simu za kwanza katika vijiji vingi zilikuwa mahali pa watu kukutana

Kampuni ya MTN ilianza kazi Uganda Oktoba 1998, na mwaka 2003 ikishirikiana na Grameen Foundation ikazindua simu za vijijini. Mtu mmoja alichukua mkopo mdogo, akapata simu, antena ya nje na betri ya gari, akawaruhusu wanakijiji kupiga simu kwa malipo. Mpigaji aliketi, jirani wakangoja zamu, na habari ya mtoto aliyefaulu mtihani mjini ikasikiwa na wote kwa pamoja. Leo Uganda yenye watu milioni 45.9, kwa hesabu ya sensa ya 2024, ina laini zaidi ya milioni 40. Tumepata simu ya kila mtu, na sasa tunahitaji kuchagua wenyewe saa za kukaa pamoja, maana simu haituchagulii tena.

Kubipu kulikuwa na adabu zake, na mchumba hakubipiwa

Mtafiti Jonathan Donner aliandika mwaka 2007 kuhusu kubipu, yaani kupiga na kukata kabla simu haijapokewa, zaidi kutokana na aliyoyaona Rwanda, na akakuta kanuni ambazo kila kijana wa Kampala wa wakati huo angezitambua. Mwenye nacho ndiye anayepiga. Ukiwa na shida usimbipu unayemwomba msaada. Na kijana anayemtaka binti asithubutu kumbipu: anunue vocha, apige. Hela zilikuwa chache lakini watu walijua kwamba mapenzi huonekana kwa kile ambacho mtu yuko tayari kutoa. Siku hizi bando ni rahisi zaidi, na kilichoadimika kutoa ni muda usiokatizwa.

Simu ya kwanza ya mkononi ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja ya sukari

Tarehe 3 Aprili 1973, Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama barabarani mjini New York na kupiga simu ya kwanza ya mkononi. Chombo chenyewe kilikuwa na kilo 1.1 hivi, na betri ilitaka saa 10 za kuchajiwa ili uongee nusu saa tu. Mwaka 2022 mwandishi wa BBC alipomweleza kwamba kuna watu wanaotumia simu saa tano kwa siku, mzee huyo alishangaa, akasema yeye hutumia chini ya asilimia tano ya muda wake. Aliyeivumbua anaiweka mfukoni, nasi tunaweza.

Ukurasa usio na mwisho ulibuniwa mwaka 2006, na mbunifu wake ameujutia

Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho: ukifika chini, ulibonyeza ili kwenda mbele. Aza Raskin akabuni njia ya kufanya mambo mapya yajilete yenyewe, ukitelezesha kidole hayaishi. Nia yake ilikuwa kuturahisishia kazi, lakini baadaye amesema hadharani kwamba anasikitishwa na muda ambao watu wamepoteza. Kwa hiyo usijilaumu kupita kiasi ukijikuta saa sita usiku bado unatelezesha kidole. Mlango wa kutokea uliondolewa makusudi, basi jiwekee wako: kengele, saa ya ukutani, au mwenzio wa kukuita.

Simu iliyolala tu mezani hupunguza utamu wa chakula

Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia waliwaalika watu zaidi ya 300 mkahawani mjini Vancouver, wakala na ndugu au marafiki. Nusu waliacha simu mezani, nusu wakaziweka mbali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba wenye simu mezani waliufurahia mlo ule kwa kiwango cha chini kuliko wenzao, na akili zao zilitangatanga zaidi. Waganda wana kinga yao ya asili: matoke na mchuzi wa karanga vikiliwa kwa mkono, vidole vina kazi nyingine na kioo cha simu hakitaki kuguswa navyo.

Hata ikizimwa mlio, simu inaweza kula sehemu ya akili

Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kilichapisha mwaka 2017 majaribio yaliyohusu karibu watu 800. Waliofanya mitihani ya kufikiri huku simu ikiwa chumba kingine walifanya vizuri kuliko wale ambao simu zao zilikuwa juu ya meza, zikiwa kimya. Baadhi ya watafiti waliorudia jaribio hilo hawakupata tofauti kubwa hivyo, na mjadala unaendelea. Hata hivyo kujaribu ni bure: iache simu chumbani mama anapokusimulia habari za shamba, uone utakumbuka mangapi asubuhi.

Wageni wawili wasio na simu hutabasamiana zaidi

Mwaka 2019 utafiti mwingine uliwaketisha watu wasiofahamiana katika chumba cha kungojea, wengine wakiwa na simu, wengine bila. Wenye simu walitabasamu mara chache zaidi. Sasa fikiria teksi ya Kampala, abiria 14 goti kwa goti kwenye foleni ya Jinja Road. Hapo ndipo zamani mtu alipata habari za bei ya nyanya, jina la fundi mzuri wa cherehani, na wakati mwingine mchumba.

Kuzima arifa zote kunaweza kukuongezea wasiwasi

Hili huwashangaza wengi. Jaribio lililofanywa India na kuchapishwa mwaka 2019 liliwagawa watu katika makundi. Waliopokea arifa zao kwa mafungu matatu kwa siku walikuwa na raha zaidi na waliweza kutulia kazini, lakini waliozimiwa arifa zote walizidi kuhangaika, wakihofu kuna jambo linawapita. Kwa hiyo usitangaze vita. Panga saa zako, asubuhi, mchana na jioni, na uwaambie watu wako kwamba jambo la dharura wapige.

Ukiondoa rangi, dakika 38 zinarudi

Wanafunzi wa chuo nchini Marekani walioweka simu zao katika rangi nyeusi na nyeupe walipunguza matumizi yao kwa karibu dakika 38 kwa siku, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2020. Kwa wiki ni zaidi ya saa nne. Rangi zile zinazong'aa ndizo zinazoita jicho, na kuziondoa ni kazi ya dakika moja kwenye mipangilio ya simu. Nani asiyetaka alasiri nzima ya ziada na watoto wake?

Shilingi 200 kwa siku hazikutufungua kwenye simu

Kuanzia Julai 2018 Uganda ilitoza shilingi 200 kila siku kwa mtu aliyetumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine ya namna hiyo. Kwa mwaka ni shilingi 73,000. Wengi wakapakua VPN ili kuikwepa, na Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaletwa nyingine ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Tukumbuke kwamba wengi walikuwa wakilinda biashara na habari za ndugu walio mbali. Kinachomvuta mtu kutoka kwenye simu si gharama. Ni kuwa na mtu mbele yake anayestahili kutazamwa.

Maelfu ya watoto wa Uganda huishi muhula mzima bila simu

Shule nyingi za bweni nchini zinakataza wanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo siku ya wazazi kutembelea shule imekuwa sikukuu. Mama huamka alfajiri kukaanga kuku, baba anabeba soda na chapati, mikeka inatandikwa kwenye nyasi. Mtoto hula huku anasimulia: nani alihama bweni, mwalimu gani ni mkali, shati gani halimtoshi tena. Mzazi anayeitoa simu saa hiyo kwa ajili ya kazi anakosa habari za muhula mzima, na hakuna marudio. Picha moja ya kumbukumbu inatosha, halafu irudi mkobani.

Utafiti uliodumu tangu 1938 umeleta jibu fupi

Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kufuatilia maisha ya vijana, na kundi lao likafikia wanaume 724, wengine wasomi na wengine wa mitaa maskini ya Boston. Mkurugenzi wake, Robert Waldinger, husema somo kuu ni hili: uhusiano mwema na watu huwafanya watu waishi kwa furaha na afya zaidi. Pesa na umaarufu havikushika nafasi hiyo. Jirani anayekugongea mlango, mke unayecheka naye, ndugu unayempigia Jumapili, hao ni sehemu ya afya yako.

Nusu saa kila jioni ni zaidi ya wiki nzima kwa mwaka

Piga hesabu mwenyewe: dakika 30 mara siku 365 ni saa 182 na nusu, yaani siku saba kamili, usiku na mchana, na zaidi ya nusu ya siku ya nane. Likizo hiyo haiombewi ruhusa kwa bosi na haina nauli. Inatosha kumfundisha mtoto omweso, kumsikiliza babu hadi mwisho wa kisa chake, na kujua ni nini kilimfurahisha mwenzio leo. Chagua nusu saa yako, waambie wa nyumbani ni ipi, na uwape watoto kazi ya kukukumbusha. Watoto hawasahau kazi ya namna hiyo.